Msikilizaji wa Chaneli ya Tatu

Bisha. Nakupa ruhusa. Wamebisha walionizidi elimu, na si kazi kubwa kunizidi elimu, maana shule niliiacha nina miaka kumi na sita, mwalimu wa hesabu hajamaliza hata kuandika swali ubaoni. Lakini katika wote waliobisha hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa nami mle studio saa nane mchana. Ukimwalika tu, ghafla anakumbuka ana daktari wa meno. Sijawahi kuona mji wenye meno mabovu kama Buffalo.

Naitwa Efraín Cintrón, mtoto wa Mtaa wa Niagara, na kabla hujanidharau jua kwamba nikiwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa naendesha mitambo ya chaneli nne peke yangu, na wenye vyeti walikuwa wakikwama wanakuja kwangu na vikombe vyao vya kahawa, wanajikuna vichwa. Chaneli kuu ilikuwa ya roki za zamani, na mtangazaji wa asubuhi anayecheka utani wake mwenyewe. Hiyo ilikuwa barabara ya lami. Ubavuni mwake kulikuwa na vichochoro vitatu, chaneli ya pili, ya tatu na ya nne, vinavyopita kwenye mawimbi yaleyale, na huwezi kuvisikia mpaka uwe na redio ya kidijitali. Humo bosi alikuwa anamwaga chochote. Ndani ya mwaka mmoja chaneli ya pili ilianza jazi, ikawa polka, ikawa nyimbo za Krismasi mwezi wa nane, ikarudi jazi. Hakuna aliyelalamika. Kwani nani alikuwa anasikiliza?

Chaneli ya tatu tu ndiyo ilikuwa haijaguswa miaka kumi na moja. Ilikuwa ya vipofu.

Watu wa kujitolea walikuwa wanakuja kuwasomea: gazeti la asubuhi, matangazo ya vifo, bei za kuku dukani, na saa nane mchana riwaya, sura moja kila siku. Wasikilizaji walikuwa wamegawiwa vijiredio vya rangi ya kahawia ambavyo havina kitufe cha kuhamia kwingine. Vimefungwa kwenye chaneli ya tatu, basi, ili asiyeona asije akapotea njiani. Msomaji wa riwaya alikuwa Bi Verna Tuttle, mwalimu mstaafu, mwenye sauti ya kumlaza mtoto mwenye homa. Mimi niliyekimbia vitabu nilikuwa naacha simu yangu mezani nikimsikiliza. Usimwambie mtu.

Sasa sikia desturi moja mbaya ya kazi ya redio. Chaneli ikibadilishwa, msomaji haagi. Wakubwa wanaogopa atakachosema maiki ikiwa wazi. Kwa hiyo mtu hujua amekwisha siku kadi yake inapokataa kufungua mlango.

Ijumaa moja ya Februari, theluji imefika magotini, bosi wetu Lorne Haskett aliingia kwenye chumba cha mitambo na mgeni mwenye koti la bei. Mgeni alikuwa anatengeneza biskuti za mbwa. Chaneli ya tatu ilikuwa inageuzwa kuwa muziki wa kutuliza mbwa walioachwa peke yao nyumbani. Usicheke. Haya, cheka kidogo. Mabadiliko yalipangwa saa tisa, kitabu kikiisha kwa siku ile, ila mgeni alitaka kuisikia ikianza kabla hajaondoka, na alikuwa na ndege ya kuwahi.

"Efraín, geuza sasa," Haskett akasema.

"Bosi, imebaki nusu saa tu."

"Nani anasikiliza?"

"Vipofu, bosi."

"Wangapi? Nihesabie."

"Sasa mimi nitawahesabuje?"

"Na mimi ndicho ninachosema. Geuza, kijana, usinitie aibu mbele ya mgeni."

Kwenye spika Bi Verna alikuwa anasoma sura ya thelathini na moja aliyoirekodi jana yake. Ilikuwa habari ya Odile, mlinzi wa mnara wa taa ziwani, ambaye dada yake alimwachia mtoto mchanga na kutoweka, na Odile kamlea miaka sita. "Odile aliinua taa," Bi Verna akasoma, "akasikia hatua ngazini, na mtu akasema..."

Nikabonyeza. Kikaingia kinanda, polepole, tingi, tingi, cha kuwabembeleza mbwa.

Nilipotoka kununua chakula nilimkuta Bi Verna nje mlangoni, kadi mkononi, kitabu kwenye mfuko wa plastiki, theluji imemjaa kwenye kofia.

"Kijana, kadi yangu inaumwa," akasema. Kisha akanitazama usoni, akaelewa, nami nikamwambia tulipomkatia. "Nimebakiza sura tatu."

"Nitamwambia bosi, Bi Verna."

"Mwambie hadithi haikatiwi ngazini. Ningesoma bure. Kwani miaka yote nasoma kwa hela?"

Nilimwambia nitamwambia. Sikumwambia.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo, hata paka asingeigeuzia sikio. Jumatano iliyofuata nilikuwa kwenye gari la kazini, nimefungua chaneli ya tatu kuhakikisha mbwa wanatulia. Kioo cha redio ya gari huandika jina la wimbo unaopigwa. Saa nane kamili jina la wimbo likafutika, pakaja maneno haya: SURA YA 32. Kinanda kinapiga. Maneno yamekaa. Nikarudi kazini mbio, nikafungua kompyuta ya vipindi, nikapekua kila faili. Hakuna kitu. Nikasema ni uchafu wa zamani umebaki kwenye mashine, na mimi nikisema ni uchafu, ni uchafu.

Siku hiyohiyo simu zikaanza. Mama mmoja wa Tonawanda: "Samahani, mnawapigia mbwa nini saa nane? Wangu anaamka, anakwenda kukaa mbele ya kiti cha marehemu mume wangu, anakitazama mpaka saa tisa. Hata nikimpa nyama hageuki." Baada yake akapiga mwanamume wa Lackawanna, maneno yaleyale, ila kwake kiti kilikuwa cha jikoni. Mpaka jioni nilikuwa nimepokea simu kumi na nne. Mbwa kumi na wanne, kila mmoja na kiti kitupu mbele yake.

Alhamisi akaja Zenon Wojtasik. Jitu la mabega, dereva wa gari la kusukuma theluji, anatokea Kaisertown. Akaweka kijiredio cha kahawia juu ya meza ya mapokezi, taratibu, kama anaweka yai.

"Mali yenu hii," akasema. "Mama alisema siku ikifika irudishwe."

"Pole sana, kaka."

"Haskett ni nani hapa?"

Haskett alikuwa anapita na kahawa yake. "Ni mimi. Nikusaidie?"

"Mama yangu, Genowefa, alipiga simu hapa Jumatatu. Alitaka kujua jambo moja tu, kitabu kinaishaje. Wewe ukamwambia anunue mbwa, amsikilizie."

Haskett akaweka kikombe chini. "Mimi sijaongea na mama yako, bwana. Jumatatu sikupokea simu yoyote."

"Alinieleza mwenyewe. Na watu wanacheka nyuma yako."

"Labda alikosea mtu."

"Mama alikuwa haoni, bwana Haskett," Zenon akasema, polepole kabisa. "Hakuwa kiziwi. Usiku ule hakula. Jumanne nikamkuta kwenye kiti chake, kazi yake ya kufuma mapajani, uso ameuelekeza kwenye hicho kijiredio. Amekufa. Nacho kinawapigia mbwa kinanda."

Akaondoka. Mimi nikashika kitambaa nikaanza kufuta mashine ambayo haikuwa na vumbi.

Kijiredio nikakiweka rafu ya juu studio namba tatu. Hakikuwa na betri. Waya wake niliuzungusha mwenyewe, nikaufunga kwa raba. Nataka uelewe hapo vizuri, maana ndipo wabishi wanapoanza kukunja midomo.

Ijumaa, saa nane mchana, jua linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, nilikuwa studio namba tatu na Haskett, tunabishana habari ya spika. Kwanza ikaja harufu. Karafuu maiti. Na nyuma yake kabichi iliyochachuka, kama mtu kafungua mlango wa jiko la kizee. Haskett akanusa. "Nani kajipaka dawa ya kifua?" akauliza. Kisha tukasikia sindano za kufuma: tik, tik, tik, zikitokea rafuni. Halafu sauti ya Bi Verna, safi, kama ipo chumbani: "Odile aliinua taa, akasikia hatua ngazini, na mtu akasema..."

Kimya. Sindano zikasimama.

Na katika kimya kile, ndugu yangu, kulikuwa na mtu anapumua, si pumzi ya mgonjwa wala ya mtu aliyelala, ni pumzi ya mtu aliyeinamisha kichwa upande mmoja akitega sikio, anayengoja neno linalofuata na hana haraka kwa sababu hana pengine pa kwenda, pumzi inayoingia na kutoka, na kila ikiingia hewa ya chumba inapungua na masikio yetu yanaziba kama ya mtu aliyezama ziwani, na kiti kilichokuwa kitupu karibu na dirisha kikalia kidogo, kile kilio cha mbao mtu mzito anapojiweka sawa, na mto wa kile kiti, naapa kwa kaburi la bibi yangu wa Ponce, ukabonyea.

"Efraín," Haskett akanong'ona. "Taa zimezimika?"

"Nini?"

"Umezima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka. Jua lilikuwa limemjaa usoni, yeye anapapasa ukuta.

Saa tisa ikapiga, macho yakamrudia. Tukashuka ngazi mbio, kila mtu na njia yake.

Tangu hapo ikawa kila siku. Saa nane ilimfuata Haskett popote alipo, ofisini, garini, kanisani. Mara ya kwanza giza lilikaa saa moja. Wiki ya pili likawa linakaa mpaka machweo. Daktari akamwambia macho yake ni mazima kama ya kijana. Wiki ya tatu alinishika mkono kwenye korido, mkono wake baridi.

"Jana nilikuwa uwanjani, binti yangu anacheza hoki," akasema chinichini. "Akafunga bao. Watu wakaruka. Akaja kwenye kioo cha ukingoni mwa uwanja kunionyesha fimbo yake, nami natabasamu kuelekea upande mwingine. Ana miaka minane, Efraín. Ameniuliza, baba umenikasirikia?"

"Pole, bosi."

"Asubuhi hii nimeamka, mpaka saa nne nilikuwa sioni. Linakula siku yangu kutoka pande zote mbili. Likikutana katikati, ndiyo basi. Nyinyi watu wa West Side, huko mtaani kwenu... hamna mtu? Wa mambo haya?"

Mtu alikuwepo. Shangazi yangu Migdalia ni mzungumzaji na wafu, kazi aliyorithi kwa mama yake, na mtaa mzima hata polisi wanamjua. Nikamfuata, nikamkuta anakaanga alkapuria, yale maandazi yetu ya nyama.

"Shangazi, kuna kitu redioni."

"Kwenye redio kuna nini zaidi ya wajinga?" Hakuinua hata kichwa. "Kinataka damu? Kinataka ramu?"

"Kinataka kusikia kitabu."

Hapo akazima jiko.

Tulikutana studio namba tatu siku ya Jumamosi, saa nane kasoro robo. Shangazi alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka glasi ya maji, akanyunyiza marashi pembe nne. Aliagiza waje watatu: Haskett, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajaona kitu tangu alfajiri, na binti yake ndiye aliyemshika mkono mpaka lifti, Zenon, na Bi Verna na kitabu chake kwenye mfuko uleule. Mimi nikakaa kwenye mitambo.

"Mnajua mimi ni Mkatoliki," Zenon akasema.

"Na mimi ni nani? Kaa," shangazi akamjibu.

Saa nane. Karafuu maiti. Kabichi. Tik, tik, tik. Zenon akaweka ngumi mdomoni. Alizijua sindano za mama yake.

"Genowefa," shangazi akaita kwa upole, kama anamwita jirani uani. "Karibu, mama. Kaa. Mwanao yupo. Mbona unamfunga huyu bwana macho?"

Kijiredio kikakwaruza. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kizee, ya mtu asiyependa kusumbua watu.

"Samahani. Nilikuwa nauliza tu. Nani yuko ngazini?"

Bi Verna akaanza kulia kimyakimya.

"Utaambiwa, mama. Lakini macho ya mtu?"

"Aliniambia mbwa atanisikilizia. Sasa na yeye atafute wa kumwonea njia."

Shangazi akatugeukia. "Hili si pepo la kutumwa. La kutumwa hudai damu. Hili linadai mambo mawili: sura tatu na mtu mmoja. Nani alizungumza na mama huyu kwenye simu? Aseme sasa, kwa sauti yake, aombe radhi. Hilo tu."

Mimi nikainamia vitufe vya mitambo. Upepo ulikuwa unagonga dirisha.

"Mimi ndiye niliyeifunga chaneli," Haskett akasema. "Hilo naomba radhi, mama. Nilikosea, nilitaka kumfurahisha mgeni. Lakini kwenye simu sikuwa mimi. Naapa kwa mwanangu."

"Ndiyo hiyo," kijiredio kikasema. "Sauti ndiyo hiyohiyo."

"Kiri, bwana," shangazi akamnong'oneza. "Kiri tu, akuachie."

"Nikiri nini? Nimdanganye marehemu?"

Maji ya kwenye glasi yakaanza kuwa meupe kutokea chini, kama mtu kadondoshea maziwa. Zenon akasimama, akamwambia Haskett neno la Kipolandi ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Shangazi akamshika bega akamkalisha.

"Basi," akasema. "Tutoe tulicho nacho. Verna, dada yangu, soma."

Nikakata kinanda. Nikafungua maiki, nikamrusha hewani chaneli ya tatu, bila tangazo, bila salamu. Bi Verna akafuta miwani, akarudia pale alipokatwa, akaendelea. Alisoma sura tatu mfululizo, saa mbili na nusu, bila kunywa hata tone la maji. Aliyekuwa ngazini ni dada yake Odile, amerudi kumchukua mtoto. Akakuta mtoto hamjui, anajificha nyuma ya sketi ya Odile. Hakumchukua. Alikaa kwenye mnara, akajifunza kuwasha taa, na jioni ya mwisho walikuwa watatu kwenye ukingo wa ziwa, na mtoto akawaita wote wawili mama, ili asimkosee mtu.

Bi Verna akafunga kitabu.

"Haya," kijiredio kikasema. Tukasikia sindano zikiwekwa pembeni, moja, ya pili. Kiti cha dirishani kikalia, mto ukainuka. Harufu ikatoka chumbani kama mtu anayefunga mlango nyuma yake kwa adabu. Nje, kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, mbwa wakabweka kwa pamoja, mara moja, wakanyamaza.

Zenon alikuwa analia waziwazi. Shangazi akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Ameenda." Mimi nikapiga makofi, nikadhani tumeshinda.

"Vizuri," Haskett akasema, anageuza uso huku na huku. "Sasa washeni taa. Mbona mmekaa gizani?"

Na jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani.

Hapo ndipo ninapomalizia siku zote nikiisimulia kwa mdomo. Nikifika hapo mtu mmoja anajifanya anakohoa, mwingine ananinunulia bia. Wananiuliza, kwa hiyo huyo bosi alikuwa mwongo? Mimi nawainulia mabega. Wanasema ndiyo, wakubwa ndivyo walivyo.

Haskett hajawahi kudanganya. Jumatatu ile alikuwa amepeleka gari gereji, na simu ya ofisini kwake iliita, na ofisini kwake tulikuwemo mimi na vijana watatu wa mauzo, tunakula mabawa ya kuku juu ya meza yake. Mimi nilikuwa nimekalia kiti chake, miguu juu. Namwigiza Haskett vizuri kuliko Haskett mwenyewe: ile sauti ya puani, yale maneno ya kuvuta mwishoni. Mkewe niliwahi kumdanganya dakika tano nzima. Vijana wakasema, pokea, pokea. Nikapokea.

"Samahani kukusumbua," akasema. "Naitwa Genowefa Wojtasik, ninasikiliza chaneli ya tatu. Nilikuwa nauliza tu, nani alikuwa ngazini?"

Mimi nilikuwa najua. Bi Verna aliniambia mlangoni, Ijumaa ile, kwenye theluji, nilipomuuliza, kwa sababu na mimi nilikuwa nataka kujua. Jibu lilikuwa maneno mawili: dada yake. Lingenichukua muda gani? Lakini vijana wananitazama, midomo imejaa, wanangoja.

Nikasema, kwa sauti ya Haskett, "Hadithi imekwisha, bibi. Siku hizi ni zamu ya mbwa. Nunua mmoja, akusikilizie."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Yeye akangoja kicheko kiishe. Ana adabu yule mama.

"Asante, bwana Haskett," akasema. "Mimi sioni, lakini sauti nikishaisikia huwa siipotezi."

Siku ya kikao, shangazi alipouliza nani, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye ile glasi. Baadaye ngazini alituambia macho ya Haskett hayajafa, yameshikwa, na yatashikwa mpaka yule mama asikie ukweli kwa masikio yake. Haskett akauliza, akishausikia, atamshika nani? Shangazi akaendelea kushuka ngazi. Mimi sikuhitaji kuuliza.

Niliacha kazi ya redio. Nabadilisha matairi kwa binamu yangu. Simu sipokei, natuma ujumbe. Haskett anauza nyumba, yeye na familia yake wanahamia ghorofa ya chini kwa mamake.

Wala usidhani yule mama kaondoka. Kitabu kilikwisha, na asiye na kitabu hutafuta kingine. Wiki iliyopita niliingia maktaba kujikinga na upepo wa ziwani, msichana anawasomea watoto hadithi ya sungura, nikasikia tik, tik, kutoka kwenye kiti ambacho hakuna mtoto aliyekikalia. Jumapili kanisani, padri aliposimama kusoma waraka, karafuu maiti ilinijaa puani mpaka nikatoka. Popote mtu anaposoma kwa sauti, yupo, ameinamisha kichwa.

Lakini maandishi hawezi kuyaona. Ndiyo maana ukweli huu wa simu sikuusimulia, nimeuandika, mimi niliyekimbia kalamu. Mpaka hapa umesoma kimyakimya, umefanya vizuri. Kama kuna mtu kando yako anakuuliza unasoma nini, mpe karatasi asome mwenyewe. Nakuomba. Usimsomee.